Kioo cha glosi au cha mati? Maswali yenu na majibu

Maswali ya vioo vya laptopu na monita yamekuwa mengi, nimeyakusanya hapa niyajibu kwa pamoja. Glosi ni kioo laini kinachong'aa na kurudisha picha kama kioo cha kujitazamia, mati ni kile kisichong'aa.

Kaka, niko chuo Dodoma, nataka laptopu used. Muuzaji kanionyesha mbili bei sawa, EliteBook ya kioo kilichofifia na nyingine ya tachi inang'aa hatari. Nachukua ipi?

Chukua EliteBook mdogo wangu, ila ikague kwanza. Ile ya tachi inakuvutia dukani kwa sababu imewashwa mwanga hadi mwisho na picha ya rangi kali, lakini tachi nyingi zina glasi juu, na glasi tupu inarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, sasa jua la Dodoma likipiga dirishani hiyo asilimia 4 inatosha kabisa kukufunikia maandishi. Mati inautawanya huo mwanga, badala ya kuona dirisha zima na nondo zake unaona weupe tu umesambaa, unaendelea kusoma.

Kujua ni ipi, zima mashine, ishike mbele ya uso chini ya taa. Ukiona tyubulaiti imekaa kama ilivyo na kingo zake, na wewe mwenyewe unajiona, hiyo glosi. Ukiona doa jeupe lisilo na mwanzo wala mwisho, mati. Halafu iwashe uinamishe kioo nyuma na mbele, rangi zikigeuka kama negativu ya picha basi ni paneli ya TN (aina ya kioo ambayo rangi hubadilika ukibadilisha pembe ya kutazama), achana nayo hata kama ni mati.

Na uliza niti, yaani nguvu ya mwanga wa kioo, maana hiyo ndo inaamua zaidi. Used nyingi za maofisini ziko 220 hadi 250, hizo ni za ndani tu. 300 ni nzuri, ukitaka kusomea barazani tafuta 400 kwenda juu. Usiishie kwenye jina la modeli, modeli moja inatoka na vioo tofauti, angalia namba kamili chini ya mashine.

Na-edit picha za harusi kwenye laptopu ya mati, nikiprinti zinatoka na giza. Nihamie glosi?

Hapana, usipoteze hela. Umepandisha mwanga wa kioo sana, kwa hiyo picha unaiona imeng'aa vya kutosha, unaiacha hivyo hivyo, kumbe karatasi haina taa nyuma yake. Shusha hadi niti 80 mpaka 120 hivi. Kama huna kipimo, fungua ukurasa mweupe, weka karatasi nyeupe pembeni ya kioo, shusha mwanga taratibu mpaka vikaribiane.

Cha pili angalia paneli yenyewe. Maelezo yakisema asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha), hiyo haifikishi hata theluthi mbili ya rangi za sRGB (seti ya rangi za kawaida za picha nyingi), wekundu wa gauni utauona umepauka na utaanza kuuongeza bila sababu. Mati nzuri yenye sRGB kamili inaishinda glosi mbovu mchana kweupe. Glosi inapendeza kwenye chumba ambacho mwanga unautawala wewe, hapo nyeusi inakuwa nyeusi kweli.

Mimi ni mhasibu Mombasa, nimeketi mgongo kwa dirisha, kwa MacBook yangu najiona mwenyewe kuliko Excel. Nibandike ile karatasi ya mati?

Pole dada. Kwanza geuza meza, dirisha liwe ubavuni, sio mgongoni wala usoni. Na shati jeupe siku za kazi ndefu liache, kioo cha glosi kinarudisha kilicho mbele yake, na aliye mbele ni wewe. Bado inasumbua? Karatasi inasaidia lakini maandishi yanapoteza ukali kidogo, na MacBook zinafunga kwa kubana sana kwa hiyo tafuta nyembamba mno, kitu kinene katikati kinaweza kupasua kioo. Siku ukibadilisha mashine, tangu 2024 Apple wanauza MacBook Pro yenye kioo cha nano-texture (mati yao wenyewe) kwa kuongeza hela, hicho kinapunguza kujiona kwa kiasi kikubwa.

Monita yangu ya mati, ukurasa mweupe unaonekana kama una mchanga. Mbovu?

Sio mbovu, ni mati nzito. Ule ukwaru wa juu unavunjavunja mwanga wa kila pikseli. Monita za IPS (aina nyingine ya paneli) za miaka ya 2010 hivi zilisifika kwa hilo, mfano Dell U2711. Sogea nyuma, punguza mwanga, ikishindikana badilisha. Wapo wanaobandua ile tabaka kwa taulo lenye maji, tafadhali usijaribu.

Mati inaponya macho?

Haiponyi, inapunguza kukaza macho tu. Kila dakika 20 tazama mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20.

Nisafishe na nini?

Zima, tumia kitambaa cha maikrofaiba, maji kidogo yawe kwenye kitambaa, usipulizie kioo. Dawa za madirisha zenye amonia hapana kabisa. Na kwenye mati usisugue doa kwa nguvu, ukwaru ukilainika pale pahali patabaki panang'aa na hakuna fundi wa kuparudisha.