Nimechomwa jenta (jentamaisini, antibayotiki ya sindano) nikiwa mjamzito, figo za mtoto zitakuwaje?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Moshi, mimba ina wiki 20. Juzijuzi nilikutwa na UTI, homa juu, nikachomwa jenta siku 3 nikapewa na vidonge vya kumalizia nyumbani. Jirani akaniambia antibayotiki zinaua figo za mtoto tumboni, nikaviacha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada, ila mie mfamasia tu hapa Arusha, udokta umenipa wewe.

Jirani hajatunga, kachanganya mambo. Figo ya mtoto inaanza kujengwa kama wiki ya 5 hivi, kuna kimrija kinatoa matawi kama mbuni wa kahawa huko kwenu, na kwenye ncha za matawi ndio vinaota vichujio vya damu, nefroni. Kazi inaisha wiki ya 34 mpaka 36, na zaidi ya nusu vinatengenezwa miezi mitatu ya mwisho. Baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja, wastani milioni moja hivi kila figo, na kadiri umri unavyokwenda vinapungua tu.

Sasa jenta inavuka kondo la nyuma na inapenda kujikusanya kwenye seli za figo. Panya wenye mimba waliochomwa walizaa watoto wenye nefroni pungufu, hilo kweli, ila dozi zao ukipiga kwa kilo zilizidi mno zako. Na antibayotiki sio kitu kimoja jamani: amoksilini na sefaleksini tunawapa wajawazito kila siku, tetrasaiklini tunakataa sababu ya meno na mifupa, streptomaisini sababu ya masikio.

Mie kilichonishtua ni hivyo vidonge ulivyoacha. UTI ikipanda mpaka kwenye figo zako inaweza kuleta uchungu kabla ya muda, mtoto anatoka njiti, figo zake bado saiti mafundi hawajamaliza, halafu njiti akipata maambukizi mara nyingi anachomwa jenta hiyohiyo uliyokuwa unaiogopa.

Kesho nenda kliniki na kadi na vidonge vilivyobaki, mwambie nesi ukweli uliacha lini, wapime mkojo, ikibidi wauoteshe maabara kuona ni bakteria gani. Ukipigwa ultrasaundi waombe waangalie figo na maji yanayomzunguka mtoto, umri huo mengi ni mkojo wake mwenyewe, yakitosha ujue zinachuja (nefroni hazihesabiki kwa ultrasaundi, usije ukamsumbua mtu wa watu). Na usinunue jenta wala Septrin dirishani bila cheti, hata ukija kwangu sikupi.