Mume wangu amesema angechukua zile hela, na maji asingepeleka

*Shangazi, shikamoo. Niko Mwanga, Kigoma. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa Kibirizi, na ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Juzi mdogo wake alileta picha kwenye flashi, inaitwa No Country for Old Men, tukaiangalia nyumbani pamoja na majirani, mwalimu mpangaji wetu akitutafsiria. Kuna jamaa anaokota begi la dola milioni 2 jangwani huko Texas, Marekani, katikati ya maiti. Ilipoisha wote walilalamika, shemeji akasema tumeibiwa muda. Mume wangu peke yake ndiye aliyeisifia. Akasema na yeye angechukua zile hela, ila asingefanya ujinga wa kurudi usiku kumpelekea maji yule majeruhi. Alisema huku anacheka. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Sanduku la kikoba liko uvunguni kwetu, ufunguo mmoja anao yeye, wa pili niliachiwa mimi na mama mmoja aliyekwenda Kasulu kulima. Mwezi wa 12 tunavunja kikoba, kila mtu apewe chake. Nimeanza kumpekua mifukoni. Mtu akisema hivyo mbele ya tivii, ndivyo alivyo? – Mama J.*

Marahaba, Mama J. Barua yako imenitoa jasho, ila siyo pale ulipodhani. Nitafika huko. Kwanza tuimalize picha, maana na mimi nimeiona na siwezi kuipita hivi hivi.

Shemeji yako asionekane mshamba. Picha hiyo ilitoka mwaka 2007, ikazoa Oscar 4 ikiwemo ya picha bora, na bado kuna watu huko huko Marekani ilikopewa tuzo ambao mwisho wake unawakera. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, na kibandani sheria ni moja: steringi hafi. Atapigwa, atazama, atafukiwa, lakini mwisho lazima akutane na adui wapigane mpaka mashati yachanike. Hawa ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, wamemuua steringi wao bila hata kutuonyesha. Tunafika pale, maiti imeshalala sakafuni. Baadaye sherifu mzee anakaa mezani na mkewe anasimulia ndoto, picha inakata. Mtu aliyeacha usingizi wake ana haki ya kununa. Ila kama mwalimu wenu alishachoka kutafsiri ilipofika hapo, amewapunja, kwa sababu katika ndoto ya kwanza yule mzee alipewa hela na baba yake, na anadhani alizipoteza. Watu wameuana picha nzima kwa ajili ya begi, na yeye aliyebaki hai bado ana deni la hela za ndotoni.

Kipande changu mimi ni cha kituo cha mafuta. Yule muuaji mwenye nywele ambazo nina hakika sebuleni kwenu zilichekwa sana, anatafuna korosho huku anamuuliza mzee mwenye duka anafunga saa ngapi. Muziki hakuna. Anaiminya karatasi ya korosho, anaiweka kaunta, na karatasi inaanza kujikunjua yenyewe, taratibu, mpaka unaisikia inavyolia. Kisha anarusha sarafu, anamwambia mzee achague upande, na hamwambii wanashindania nini. Mwenye duka yeyote wa Ujiji aliyewahi kuulizwa "mnafunga saa ngapi?" na mteja asiyemfahamu, giza linaingia na yuko peke yake, hahitaji mtafsiri pale.

Sasa tuje kwenye maji. Yule jamaa, fundi wa kuchomelea, anamkuta majeruhi ndani ya gari anaomba maji. Anamjibu hana. Anaendelea na shughuli zake, anazifuata hela mpaka anazipata, anarudi nyumbani kwa mkewe. Usiku usingizi unakataa. Anaamka, anajaza maji kwenye chombo, anarudi jangwani. Anafika mtu ameshakufa, na wenye mzigo wanaliona gari lake. Kwa hiyo mumeo ana hoja, gari ndilo lililomtambulisha. Lakini amesahau jambo: katikati ya zile noti kilifichwa kifaa cha kutoa ishara, na kifaa hicho ndicho kilichomleta muuaji mpaka kwenye nyumba ya wageni alikojificha. Hata angelala fofofo usiku ule, begi lingeendelea kumwita adui. Mwambie hivyo, halafu kaa uone anavyobisha.

Ukiniuliza kama mtu ndivyo alivyo kwa aliyoyasema mbele ya tivii, maneno yake ya kuchukua hela siyatilii maanani hata kidogo. Dola milioni 2 ni karibu shilingi bilioni 5; kwenye mkeka wa sebuleni kila mwanaume anaziokota na kila mmoja anajua pa kuzificha. Wewe mwangalie alipokuwa na hela za kweli mkononi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, wafanyabiashara wa dagaa walikaa miezi mitatu mtaji unaliwa na watoto. Kama sanduku lilikuwa kwenu wakati ule, na hesabu ilitoka sawa mbele ya wanachama, basi mtihani wake alishaufanya na majibu unayo.

Ya maji ndiyo mimi ningemuuliza. Hata hapo, anza na unayoyajua mwenyewe. Jirani akigonga saa nane usiku, mgonjwa apelekwe Maweni, mumeo anatafuta viatu au anakukanyaga mguu mjifanye mmelala? Kama anatafuta viatu, basi alikuwa anachangamsha baraza tu. Kama anakukanyaga mguu, hilo ulilijua kabla ya flashi kuingia ndani, na picha imekukumbusha tu.

Haya, sasa jasho langu. Sanduku la kikoba huwa la makufuli matatu, funguo tatu, watu watatu tofauti. Sanduku liko uvunguni kwenu. Ufunguo mmoja anao mumeo, wa pili unao wewe. Mwanangu! Hapo mmebakiza kufuli moja, na kufuli moja ni kazi ya msumeno wa chuma na redio iliyofunguliwa kwa sauti. Halafu wewe unaniandikia habari za Texas!

Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo huu vilianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na hiyo ndiyo nchi ya jangwa hasa. Utaratibu wao haujali kama mweka hazina ni mcha Mungu au jambazi: anayelala na sanduku hashiki ufunguo, basi. Umewekwa hivyo ili kumlinda hata yeye. Siku noti moja ikipungua, hakuna mwanachama atakayeuliza mumeo alisema nini kwenye picha. Watauliza funguo alikuwa nazo nani, na jina lako litatajwa la pili. Unampekua mwenzio mifukoni, na wewe nani amekupekua?

Kwa hiyo anza na huo ulio nao. Kikao kijacho usimame, useme ufunguo huu niliachiwa tu, naomba apewe mtu mwingine, na katibu aandike. Usimtaje mumeo. Ukishatoa wa kwako, mwenyekiti mwenye akili atamgeukia yeye mwenyewe kwamba achague kimoja, sanduku au ufunguo, na hapo hakuna aliyeaibishwa. Hela ihesabiwe mbele ya wote, salio litajwe kwa sauti kila mtu aende nalo kichwani. Kadiri Desemba inavyokaribia ndivyo sanduku linavyonenepa, kwa hiyo za ziada ziende benki kwa akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Na kama hamjasajiliwa, nendeni halmashauri. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inavihusu na vikoba pia.

Mifuko ya mumeo achana nayo kuanzia leo. Hata ukikuta hela, ni mtu wa dagaa, utajuaje ni za nini?

Sanduku na funguo vikishatenganishwa, chagua siku ambayo hajachoka, watoto wamelala, umuulize: "Baba J., hivi yule aliyeomba maji angekuwa mdogo wako?" Halafu unyamaze. Atajibu kwa utani, ndivyo walivyo. Usicheke, usimsaidie. Akileta jibu la pili, hilo ndilo la kusikiliza, na ukitaka niandikie alivyosema. Barua hii kama utamwonyesha, subiri kikao kipite kwanza.