Uji Peke Yake Haumtoshi Mzee: majibu ya maswali yenu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoishi na wazazi au bibi na babu ambao kutafuna kumewashinda. Nimeziweka pamoja kwa sababu jambo ni moja. Mzee akiacha kutafuna, anaacha pia vyakula vinavyojenga misuli, na misuli ikipungua hata kuinuka kitandani kunakuwa kazi.

Kamwene. Mama yangu ana miaka 74. Tangu ang'olewe magego anakunywa uji wa sembe na chai tu. Magauni yanampwaya, na akitoka bustanini analala hadi jioni. Ndugu wanasema ni uzee. Ni kweli? (Binti, Kihesa, Iringa)

Kamwene, dada. Usilikubali neno hilo haraka. Umri humpunguzia kila mtu misuli, lakini kukonda bila kukusudia na uchovu usioisha ni dalili mbili kati ya tano ambazo madaktari wamekuwa wakizitumia tangu 2001 kumtambua mzee aliyedhoofika. Tatu zilizobaki ni mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole na kupunguza shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi ameshadhoofika. Mwenye moja au mbili bado yuko njiani, na huyo ndiye wa kumuwahi.

Magego ndiyo yanayosaga. Yakiondoka, mzee mara nyingi hamwambii mtu. Anaanza kukwepa nyama, kisha karanga, kisha mboga ngumu, na mwisho anabaki na uji. Uji mwepesi wa sembe ni maji na wanga. Mtu wa umri wa mama anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mama wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8 hivi. Chai na uji mtupu havimfikishi hata karibu. Tena mambo haya yanazunguka: mwili ukiishiwa nguvu, misuli ya taya na ulimi nayo inalegea, hamu ya chakula inapotea, na mama anazidi kula kidogo.

Mpeleke kwa tabibu wa meno aone kama anaweza kuwekewa meno bandia. Siku hiyohiyo apimwe uzito, sukari, damu na kifua kikuu, maana kukonda kuna sababu nyingi na pengo la magego lisije likaficha ugonjwa mwingine. Mwambieni pia daktari wa kawaida kama amepungua zaidi ya kilo 4 ndani ya mwaka.

Jambo moja la nyumbani ambalo watu hawalitazami: je, mnakula sinia moja? Anayetafuna polepole hujikuta mboga imekwisha kabla hajashiba, na kwa heshima yake atasema ameshiba. Mpakulie sahani yake, ale kwa mwendo wake, lakini abaki palepale na wenzake. Kumtenga chumbani na bakuli lake ndiko kunakoua hamu ya kula.

Mama mkwe amebakiwa na meno machache ya mbele. Nimekuwa nikimsagia kila kitu, sasa amekataa, anasema chakula kile ni cha mtoto mchanga. Nimpikie nini? (Mkaza mwana, Uyole, Mbeya)

Mama mkwe ana haki. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: mpe chakula kilekile cha familia, ila kiive zaidi. Na sisi wa nyanda za juu tuna kikwazo ambacho watu wa pwani hawana. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanakaa jikoni muda mrefu na bado yanabaki magumu katikati. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, kisha chemsha mpaka yapondeke kwa mwiko. Usikimbilie magadi, hasa kama ana presha, maana yana sodiamu kama chumvi.

Maharage hayo yaponde nusu tu, yaunge kwa karanga za kusaga, ale na ugali laini au wali wa Kyela uliopikwa kwa maji mengi kidogo. Nyama iwe ya kusaga, au ichemshwe hadi ichambuke kwa vidole. Ndizi za Rungwe zipike mtori wenye nyama ndani. Dagaa wakavu watwange wawe unga, kisha tia kijiko kimoja au viwili kwenye mboga, hauhitaji kutafunwa. Mayai na maziwa ya mgando visikosekane ukivipata. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe tunalo kwa wingi, ni laini na lina mafuta ya kumpa nguvu, lakini protini yake ni ndogo. Lisichukue nafasi ya yai. Kande nazo asinyimwe, mradi mahindi yawe yamekobolewa na kuiva hasa.

Uji haujakatazwa. Ukiupika, uwe wa ulezi, mzito, wenye maziwa na karanga. Kama ana ugonjwa wa figo, muulize daktari kiasi cha protini kabla ya kuongeza.

Watoto walinichangia meno bandia. Yananiumiza na yanacheza, nayavaa kwenda kanisani tu. Niyaache? (Mzee, Tukuyu)

Shikamoo mzee wangu. Usiyaache, yarudishe kwa aliyekutengenezea. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya hupungua, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo meno yaliyokukaa vizuri zamani yanaweza kulegea. Huongezewa utando mpya upande wa ufizi, na yale yanayokwaruza husawazishwa. Usiyakwangue mwenyewe kwa kisu. Anza na vyakula laini vilivyokatwa vidogo, utafune pande zote mbili kwa pamoja. Usiku yavue, yasugue kwa mswaki laini na sabuni, yalaze kwenye maji safi. Maji ya moto huyapinda, na kulala nayo huleta fangasi mdomoni.

Babu ana meno yanayocheza. Jirani anashauri yote yang'olewe mara moja, ati uzee huyaangusha yenyewe. (Mafinga)

Uzee hauangushi meno. Yanayocheza kwa kawaida yana ugonjwa wa ufizi, na mara nyingi hutibika kwa kusafishwa. Kila jino linaloweza kuokolewa liokolewe. Japani tangu 1989 wanahimizana mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20, kwa kuwa idadi hiyo inatosha kutafuna karibu kila kitu. Babu apimwe sukari pia, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa ufizi vinachocheana.

Baba alipata kiharusi. Akinywa maji anapaliwa, na sauti inakuwa kama ina majimaji. (Vwawa, Songwe)

Hili lisisubiri. Huenda maji na chakula vinaingia mapafuni, na hiyo huleta nimonia. Mfikisheni hospitali leo, mueleze wazi kuhusu kupaliwa. Kabla ya kupimwa uwezo wake wa kumeza, msimlazimishe kula wala kunywa, na msimnyweshe kamwe akiwa amelala.

Bibi anakunywa dawa za presha, mdomo umekauka, chakula hakishuki. (Makambako)

Baadhi ya dawa hizo hukausha mate. Asiache dawa; amweleze daktari aone kama inabadilishika. Anywe maji kidogo kidogo, kila chakula kiwe na mchuzi, na asimung'unye pipi. Mate ndiyo yanayolinda meno, kwa hiyo dawa yake ya mswaki iwe yenye floraidi.

Nitajuaje baba anaanza kudhoofika kabla hajaanguka? Nyumbani hatuna kipimo chochote. (Njombe)

Chukua kiti imara kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani. Baba akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara tano mfululizo, nawe umesimama karibu yake. Hesabu kwa saa ya simu. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa kabisa, miguu imepungua nguvu na anahitaji kuonwa na daktari.

Muulize pia kuhusu mdomo: ana meno pungufu ya 20, kutafuna kunamshinda, anapaliwa, mdomo unakauka, maneno hayatoki vizuri? Mawili kati ya hayo yanatosha kumpeleka kliniki ya meno. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Anzeni ofisi ya kijiji au mtaa kuulizia kitambulisho, na kabla ya safari ulizeni hospitali kama msamaha huo unagusa meno bandia.