Kabla Hujanunua AC, Igeuze Feni Itazame Nje

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja wa Malindi. Amerithi nyumba ya babake, anataka kuigeuza iwe ya wageni, na swali lake lilikuwa fupi: "Dada, chumba kimoja nitie AC ya nguvu gani?" Hakuuliza kama atie. Hilo alikuwa ameshalikata. Nikaiweka simu kifudifudi nikaenda kuswali adhuhuri, maana ningemjibu saa ile ningemtolea hasira ambazo si zake. Zina mwenyewe, nitamfikia.

Najua wengi mnaonisoma mna lenu mnalolipika. Huyu ana vyumba viwili vya uani, yule anapandisha gorofa kidogo kidogo kila akipata mifuko ya simiti, na sote twataka kitu kimoja: mgeni alale usingizi, aamke na uso mkunjufu, na mwakani arudi na wenzake. Basi nisikilizeni kuhusu joto, kwa sababu hapa pwani joto ndilo litakaloamua.

Nyumba yetu ya wageni iko Mkomani, Lamu, ndani ya mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Dari ya boriti za mikoko, vyumba virefu vyembamba, kwa sababu boriti ina urefu wake na upana wa chumba hauwezi kuupita. Nyumba ya namna hii hutoboi ukuta upendavyo ukaning'iniza sanduku la kutiririsha maji juu ya vichwa vya wapita njia na punda wao. Na hata ningeruhusiwa, nisingetaka.

Mambo ya rangi, mabomba na vibali nayaruka, yanachosha. Siku ya kufungua tulipika biriani, tukaita jamaa na majirani. Ilikuwa mwezi wa tatu, upepo wa kaskazi umeshalegea na wa kusi haujafika, ile miezi ambayo bahari inalala na hewa inasimama. Shemeji yangu mmoja aliingia chumba cha nyuma, akavua kofia akaanza kujipepea, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ukumbini: "Shemeji, hapa utawaoka watu kama mikate ya mofa!" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikaendelea kugawa sahani. Sikumuombea baya, wala simuombei leo. Ila sikusahau, na mumewe dada yangu akisoma haya atajijua.

Usiku ule sikulala. Nilipanda juu, kule chini ya makuti ambako hakuna kuta, nikakuta kijiupepo cha kutosha kujifunika leso. Nikashuka chumbani: fukuto, shuka linanata mgongoni. Yaani hewa nzuri iko juu ya kichwa changu, ngazi moja tu, na haiingii. Feni ya kusimama ilikuwa inazunguka pembeni, inanipulizia joto lile lile la chumbani, inalitoa kona hii kulipeleka ile.

Feni haipozi hewa, hilo lazima tuliseme wazi. Inachofanya ni kukausha jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la ngozi; kwa hiyo unahisi nafuu wewe, si chumba. Ukiifungia feni ndani ya chumba kisicho na mtu na madirisha yamefungwa, chumba kitazidi kupata joto kidogo, kwa sababu umeme wote inaoutumia huishia kuwa joto. Na hapa kwetu hewa imeshiba maji ya bahari, jasho lenyewe linakauka kwa shida. Sasa ongeza ule ukuta mnene. Mchana kutwa unameza joto polepole, ndiyo maana saa sita ukitoka juani ukaingia ndani unasema alhamdulillahi. Usiku, nje kukishapoa, ukuta huo huo unakurudishia ulichomeza. Joto la chumba changu saa nne usiku lilikuwa jua la mchana.

Nilimwendea mzee mmoja fundi wa chokaa, sisi sote twamwita ami. Alikuja, hakugusa ukuta hata mmoja. Alisimama katikati ya chumba cha nyuma, akatazama dirisha, akatazama mlango, akasema kwa Kiamu chake: "Upepo hauingii pasipo na ndia ya kutoka." Akanywa kahawa yake akaenda zake. Basi. Hakunitoza hata shilingi.

Nikaigeuza feni.

Hilo ndilo somo lote, na mengine yote nitakayosema ni kulizunguka. Badala ya feni kukutazama wewe, iweke dirishani itazame nje, iitoe hewa moto. Hewa ikitoka, nyingine lazima iingie, na itaingia popote ulipoiachia mwanya. Kwa hiyo wewe ndiwe unayechagua mwanya: dirisha la upande wa kivuli, upande wa bahari, uani, popote palipopoa. Ukiipulizia ndani, unapata mkondo mmoja mwembamba unaokupiga usoni, na hewa moto iliyojikusanya juu karibu na boriti inabaki pale pale. Ukiivuta nje, chumba kizima kinabadilishwa. Na joto la mota pia linaishia nje, halibaki na wewe.

Nilichotumia ni ile feni ya chuma ya kutolea hewa wanayofunga majikoni mwa mikahawa, ya inchi 12. Seremala alikata plaiwudi ya kuziba fremu nzima ya dirisha, akatoboa tundu la feni tu. Msipuuze kuziba. Ukiiegemeza feni dirishani na kuacha nafasi pembeni, hewa inayotoka mbele inazunguka na kurudi kupitia zile nafasi, na feni yako itakesha inacheza na hewa ile ile. Kama huna plaiwudi, dirisha liache wazi na uisogeze feni nyuma kiasi cha hatua moja, mkondo wake utapanuka hadi ulijaze dirisha na kukokota hewa ya pembeni pia. Si vizuri kama kuziba, lakini ni bora kuliko kuibana tu dirishani.

Mlango ulinisumbua. Mgeni hawezi kulala mlango wazi, na ukiufunga feni haina pa kuvuta. Tukaweka kidirisha cha vibao juu ya mlango, vibao vimelala kwa mshazari, hewa inapita na jicho halipiti. Nilijivunia kile kidirisha kuliko kitanda cha samadari nilichokinunua kwa pesa nyingi.

Kujua kama inafanya kazi hakuhitaji mtaalamu. Washa udi. Shika chetezo karibu na dirisha la kuingilia, moshi uinamie ndani. Kisha nenda nacho mlango wa choo, moshi usitokee huko kuja kitandani. Kama unatokea, feni yako inavuta harufu ya bomba kumletea mgeni, funga mlango ule na uzibe chini yake. Nimeingia nyumba za watu, tena zenye sifa, nikakuta hilo tu ndilo lililowaharibia.

Halafu misimu. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, upepo unatoka kaskazini mashariki. Feni itoe hewa upande wa magharibi. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili, upepo unatoka kusini na kusini mashariki. Hapo geuza mpango. Feni ndogo haishindani na upepo wa Mungu. Ukiielekeza iutemee usoni, itanguruma bure. Na kusi ikishika sawasawa, mimi huitoa kabisa plaiwudi nikaiweka stoo, madirisha mawili wazi yanatosha.

Saa pia ni muhimu, na hapa ndipo watu hawanielewi. Mchana, nje kukiwa na joto kuliko ndani, ukivuta hewa ya nje unajiletea moto. Funga madirisha ya upande wa jua, teremsha mapazia, tumia feni ya kawaida ya kukupuliza mwili. Kuanzia magharibi kwenda mbele, nje kukipoa, fungua na uwashe ya dirishani. Acha ifanye kazi hadi alfajiri, kwa sababu kazi yake si hewa peke yake, ni kuta. Unazipoza zile kuta ili kesho zianze zikiwa tupu. Miaka hii Ramadhani imetuangukia karibu na miezi hii ya joto, na waliolala kwangu baada ya daku wataniambia kama nasema uongo.

Msitarajie baridi ya Limuru. Hewa ya usiku ya Lamu mwezi wa tatu ina joto lake na unyevu wake, na feni haiwezi kukuletea hewa baridi kuliko iliyoko nje. Inachoondoa ni lile joto la ziada ulilofungiwa nalo.

Kuhusu stima, hesabu ni nyepesi. Feni ya wati 50 inakwenda saa 20 ndipo imalize yuniti moja. AC ndogo, ikiwa inavuta wati 1,000, yuniti moja inaimaliza kwa saa moja. Mgeni akilala kwa muda wa saa nane, feni imekula chini ya nusu ya yuniti. Ya AC fanya mwenyewe, na kumbuka mgeni akienda baharini hakuzimii. Chumba changu cha nyuma kina mita 3 kwa 5 na kimo cha mita 3, ni mita za ujazo 45. Hata feni ikitoa 15 tu kwa dakika, hewa yote ya chumba inabadilishwa kila dakika tatu.

Sasa yule shemeji. Yeye kwake ametia AC kila chumba, na hakuna baraza aliyoketi asiitaje. Hewa ya chumvi ikaila mashine ya chumba chake mwenyewe, fundi akangojwa atoke Mombasa, na fundi wa Mombasa mnamjua. Akaja. Alilala chumba cha nyuma, kile kile. Asubuhi nilimwekea mahamri na mbaazi za nazi, nikamwuliza neno moja tu, kama mofa imeiva. Dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilifurahi kwa siku nyingi, Mungu anisamehe.

Tatizo letu si joto, ndugu zangu. Tatizo letu ni kutaka kuonekana. Waliotujengea nyumba hizi waliishi na hari hii hii, wakabana vichochoro vipate kivuli, wakaacha kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati ya nyumba, wakapandisha makuti juu yashike upepo. Sisi tunakuja tunaziba kidirisha cha juu, tunaezeka mabati juu ya kiwanda, kisha tunalalamika kwamba pwani haikaliki. Kijana anakopa kwa ajili ya AC kabla hajafungua dirisha lake lililokwama kwa rangi. Fungua dirisha kwanza! Litie mafuta bawaba. Igeuze feni itazame nje. Kisha kama bado unataka AC, nunua, pesa ni zako.

Kwako binti wa Malindi: nyumba yako uliniambia ni ya tofali na mabati, si kama yangu. Mabati yanawaka mchana lakini yanapoa upesi usiku, hilo ni bahati. Tia silingi, acha tundu za hewa kati ya silingi na mabati ili joto la darini litoke, na feni ifunge juu ukutani, si chini, kwa sababu hewa moto inapanda. Dirisha la kuingilia liwe na wavu wa mbu, na liwe kubwa kuliko tundu la feni, maana wavu unakaba hewa, hasa ukijaa vumbi na chumvi. Usafishe. Kitandani bado weka chandarua.

Jiko la makaa lisikaribie kabisa vyumba vyenye feni ya kuvuta. Ile hewa yenye sumu ya makaa haina harufu, na feni inaweza kuivuta hadi alipolala mtu. Hili si la kujadiliana. Waya usipite chini ya zulia, ekstenshen isiwe ile nyembamba ya bei ya kutupa, na mvua za masika zikija na upepo hakikisha feni ina vibao vya kujifunga kwa nje au izime kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema feni isitegemewe joto likifika nyuzi 40. Kwetu ni nadra, lakini ukiwa na mzee au mtoto mchanga aliyelemewa na joto usingoje nyuzi, mpeleke penye ubaridi, mpe maji, mtafutie daktari.

Feni zangu huzishusha kila baada ya wiki chache, nazipangusa chumvi kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, si ya kisima, natia tone la mafuta kwenye mhimili. Ya upande wa bahari inaoza mapema kuliko ya uani, kwa hiyo nunua ya plastiki kama dirisha lako linatazama maji. Seremala wangu yuko Langoni na wengi mmeshaniomba namba yake. Hapokei kazi mpya hadi baada ya Iddi. Pimeni fremu zenu kabisa, upana na kimo, kwa sentimita, msimpelekee mtu yule vipimo vya kukadiria kwa macho.