Je, Bendi za Panki za Australia Ziliwaiga Waingereza?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, rafiki zangu wanashikilia kwamba muziki wa panki, ile roki ya kasi na ya makelele, ulianzia London na kwamba bendi za Australia zilifuata tu nyayo za Sex Pistols, bendi ya huko. Je, wanasema kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, tarehe zinawakana rafiki zako. The Saints, bendi ya vijana wa Brisbane iliyoanza mwaka 1973 kwa jina jingine, ilitoa santuri ya «(I'm) Stranded» mwezi Septemba 1976, kwa gharama yake yenyewe na kwa nakala zipatazo 500. Santuri ya kwanza ya The Damned, bendi nyingine ya panki, ilitoka London Oktoba mwaka huohuo, na ya Sex Pistols ikafuata Novemba. Nakala zilizotumwa Uingereza zilisifiwa mno na jarida la muziki la Sounds, kisha kampuni ya santuri ya EMI ikaipa bendi mkataba, ilhali nyumbani kwao wenye kumbi walikuwa wakiwafungia milango.

Kwa kukosa ukumbi, vijana hao waliigeuza nyumba waliyokuwa wakiishi, katika eneo la Petrie Terrace, kuwa mahali pa kupigia muziki, wakapaita Club 76. Queensland, jimbo lenye mji wa Brisbane, wakati huo ilitawaliwa na Joh Bjelke-Petersen, aliyeshika uwaziri mkuu wa jimbo tangu 1968 hadi 1987, na ambaye serikali yake ilipiga marufuku maandamano ya kisiasa mitaani mwaka 1977. Kwa maoni yangu, ukali wa gitaa la Ed Kuepper, mpiga gitaa wa The Saints, unaeleweka vizuri zaidi mtu akiyakumbuka mazingira hayo kuliko akiitazama mitindo ya mavazi ya London, kwani The Saints walipofika huko mwaka 1977 walikuwa bado na nywele ndefu na nguo za kawaida, jambo lililowashangaza waliotarajia pini na nywele zilizosimama. (Tena mwimbaji wao, Chris Bailey, alizaliwa Nanyuki, Kenya, kwa wazazi wa Kiayalandi, akakulia Belfast kabla ya familia kuhamia Brisbane.)

Sydney nako kulikuwa na Radio Birdman, iliyoundwa mwaka 1974. Mpiga gitaa wake, Deniz Tek, alitokea Ann Arbor, Michigan, akaja na mapenzi ya The Stooges na MC5, bendi za roki za huko Michigan. Kwa hiyo, kama bendi hiyo ilikuwa na deni, ilidaiwa na Marekani. Walipokosa pa kupiga, nao walijitengenezea makao katika baa ya Oxford Tavern.

Hoja ya rafiki zako inapata nguvu kidogo tukifika Perth, magharibi mwa Australia, ambako bendi ya The Victims ilianza mwaka 1977, wakati habari za panki ya London zilikuwa zimeshaenea, na mpiga ngoma wake, James Baker, alikuwa ameshazuru Marekani na Uingereza.