Thargoid "wamevamia", "imevamia" au hawajavamia kabisa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni washkaji tunaocheza Elite Dangerous, kuna wa Dar, wa Mombasa na mmoja yuko Maskati. Mimi niliandika "Thargoid wametuvamia", wa Mombasa akasema ni "zimetuvamia" maana zile ni meli tu, na wa Maskati akasema wote tumekosea, hapo hakuna uvamizi, waliochokoza ni binadamu na neno kuvamia lazima liwe na nia mbaya ndani yake. Na je ni Wathargoid au Mathargoid? Titan "alilipuliwa" au "ililipuliwa"? Tukatie mzizi wa fitina.

JIBU: Marahaba mwanangu, na wenzako wasalimie. Mimi hilo gemu silichezi ila naishi na mtu anayelicheza mpaka majogoo, kwa hiyo stori ya Thargoid nimeisikia nitake nisitake, na swali lenu nimelipenda kuliko yale ya kila wiki ya "hamna" na "hakuna".

Kwa wasiolijua, gemu lenyewe ni la kampuni ya Frontier ya Cambridge, Uingereza, lilitoka Desemba 2014, humo ndani wameijenga galaksi yetu kwa saizi yake halisi, mifumo ya nyota kama bilioni 400, na kila mchezaji ni rubani wa chombo chake. Thargoid ni viumbe wa jamii ya wadudu waliokuwemo tangu Elite ya kwanza ya 1984. Kwenye hili jipya watu walikaa miaka miwili bila kuwaona, mpaka Januari 2017 rubani mmoja akakatishwa safari njiani, chombo chake kikazimika taa, likaja dude lenye umbo la ua likamzunguka, likamkagua, likaondoka zake bila hata kumgusa. Mwisho wa mwaka huohuo vituo vya binadamu vya angani vikaanza kuungua. Novemba 2022 ndo ikaja vita yenyewe, na meli nane kubwa kupita kiasi zinazoitwa Titan.

Sasa nianze na wa Maskati kwa sababu yeye ndo kaleta hoja ngumu. Anachosema kuhusu stori ni kweli, Agosti 2022 binadamu chini ya yule bwana anayejiita Salvation walifyatua silaha inaitwa Proteus Wave kwenye mfumo wa nyota wa HIP 22460, wakidhani watawamaliza Thargoid wote kwa mkupuo, ikawageukia, msafara mzima ukateketezwa, na miezi mitatu baadaye Titan zikaanza kuingia. Kwa hiyo nani kaanza, hapo mtabishana mpaka kesho na mimi simo. Ila kwamba kuvamia lazima kuwe na nia mbaya, hapana. Magugu maji yamevamia Ziwa Victoria, tunasema hivyo kila siku, sasa magugu yana nia gani? Nzige wamevamia, viwavijeshi wamevamia mahindi, tembo wamevamia shamba, hao wote wanatafuta chakula tu. Polisi nao wanavamia, magazeti yanaandika "Polisi wavamia maficho ya majambazi" na msomaji anafurahi kabisa. Hata msanii akianza kuimba jana na leo anajiita mkongwe, wenzake watasema kavamia fani, na yeye nia yake ilikuwa nzuri tu masikini.

Ukiitazama hiyo mifano yote, kinachojirudia ni mahali. Kuvamia ni kuingia pasipo pako, kwa nguvu au kwa wingi au kwa ghafla, bila hodi. Nia iwe nzuri iwe mbaya, neno haliulizi. Linachouliza ni hapo ulipoingia ni pa nani.

Na hapo ndipo huyo wa Maskati anapata nusu ya haki yake, ila kwa njia nyingine kabisa na aliyoipita. Thargoid mara ya kwanza walionekana upande wa lile kundi la nyota mnaloliita Pleiades, ambalo (niseme tu maana inaniuma) lina jina la Kiswahili tangu enzi za mababu, Kilimia, wakulima na mabaharia wa pwani walihesabia misimu kwalo, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua." Sasa huko Kilimia, kwa stori ya gemu, Thargoid walikuwa wamepanda yale madude yao yanayofyonza madini ardhini, mnayaita barnacle, zamani sana kabla binadamu hajafika, halafu marubani wenu wakaja wakayachuma yale meta-alloy, madini yanayotoka humo, wakayauza. Mwenye shamba akirudi akakukuta unachuma huwezi kusema amekuvamia. Amerudi. Hata Frontier wenyewe ile apdeti ya Septemba 2017 hawakuiita uvamizi, waliiita Kurejea. Lakini Desemba 2024 Titan ya mwisho, Cocijo, iliingia mpaka Sol, kwenye jua hilihili linalotuchoma sisi, na sijasikia popote kwenye stori kwamba Thargoid waliwahi kupanda hata kimoja pale. Huo ni uvamizi, chokochoko iwe ya nani.

Kwa hiyo Kilimia walirudi, Sol wamevamia. Mkitaka neno lisilogusa habari ya pa nani, semeni wameshambulia, hilo linahesabu kipigo tu, na kwa vile vituo vilivyochomwa mimi naliona ndo zuri zaidi.

Kitu kingine, nimeona kwenye meseji uliyonitumia mmeandika "wamevamia kwenye Sol". Hiyo "kwenye" itoeni, kuvamia kunadaka jina moja kwa moja, wamevamia Sol, wameivamia Sol, wametuvamia. Na kuweni macho na "uvamizi wa", maana haisemi nani kafanya nani kafanyiwa. "Uvamizi wa Iraq" ukiwa unaongelea 2003 Iraq ndo iliyovamiwa, ukiwa unaongelea 1990 Iraq ndo iliyoivamia Kuwait, maneno ni yaleyale matatu. Watangazaji wanajitetea kwa kuongeza mahali, "uvamizi wa Urusi nchini Ukraine", nanyi fanyeni hivyohivyo, uvamizi wa Thargoid huko Sol. Mkiandika "uvamizi wa Thargoid" peke yake, wa Maskati atasoma kwamba Thargoid ndo walivamiwa, na kisarufi hamtakuwa na la kumjibu.

Haya, wa Mombasa na "zimetuvamia" yake. Ukimtaja kiumbe, upatanisho ni wa A-WA hata kama umbo la jina ni la KI-VI: kiumbe huyu ameshuka, viumbe hawa wameshuka, kama kifaru na kiboko na hao viwavijeshi wetu. Ukitaja meli ni I-ZI, meli imeshuka, meli zimeshuka. Hakuna ugomvi hapo. Ugomvi ni kwamba neno "Thargoid" kwenye gemu linabeba vyote viwili, kiumbe na chombo chake, na karibu kila mnachopigana nacho ni chombo, rubani wake hamumwoni. Halafu kibaya zaidi chombo chenyewe kina mioyo! Aina iitwayo Cyclops minne, Basilisk mitano, Medusa sita, Hydra minane, unapiga mpaka moyo unachomoza, unaupasua, unaanza tena. Sasa kitu chenye moyo na kinachokufa tukipe A-WA?

Mimi nasema hapana, na sababu ni kwamba Kiswahili hakigawi ngeli kwa uhai. Mti ni hai na tunasema umeanguka. Betri si hai na tunasema imekufa. A-WA tumewapa watu na wanyama na wale tunaowachukulia kama wao, majini, malaika, mashetani. Chombo kikiwa na mioyo minane bado ni kitu unachopandia, kwa hiyo Hydra imekuja, Hydra zimekuja. Ila siwezi kumkosoa mtu anayesema "Hydra huyu mkali", kwa sababu kwake yeye Hydra ni mnyama, ameshaamua hivyo kuhusu stori kabla hajafungua mdomo, na sarufi imemfuata. Kinachoniudhi ni mtu kuandika "Hydra amekuja nikaipiga akakimbia", hapo sijui unapigana na nani.

Na ipo njia ya tatu ambayo nyote mmeisahau, LI-YA ya kukuza na kuogofya. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha", zimwi linakula na linajua watu na bado ni li-. Jitu hili, joka lile, dude hilo. Mtu akitaka kumtisha msikilizaji anahamia huko mwenyewe bila kufundishwa. Nami nimefanya hivyo pale juu kwenye yule rubani wa 2017, kama hamkuona rudini mkasome. Kwa hiyo "lile Thargoid likatuzunguka" ni Kiswahili safi, na kwa kusimulia usiku ndo tamu kuliko zote.

Titan sasa. Hizi nane zimepewa majina ya miungu ya radi ya mataifa mbalimbali, Thor, Indra, Taranis, Leigong, Raijin, Hadad, Oya wa Wayoruba na Cocijo wa Wazapoteki wa Mexico, ndo maana ulimi unavutwa kusema "Oya alilipuliwa". Jina la mwenyewe halihamishi ngeli ya chombo. Ile meli yetu Liemba ya Ziwa Tanganyika zamani iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana Mjerumani aliyekuwepo wakati wa Maji Maji. Tunasema Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi majini 1927 ikiitwa Liemba, na gavana mwenyewe hapo hatajwi kabisa. Kwa hiyo Taranis ilikuwa ya kwanza kulipuliwa, Desemba 2023, na Cocijo ya mwisho, Desemba 2024. I-ZI. Wingi ni Titan vilevile, "Matitan" naomba mniondolee.

Limebaki la Wathargoid na Mathargoid, hili fupi. Ukiweka M- na Wa- umewafanya watu wenye taifa, kama Mjerumani na Wajerumani, nadhani wa Maskati atapenda hiyo. Ukiweka Ma- umewafanya kundi, kama marubani, mapolisi, masokwe, na upatanisho unabaki wa-, Mathargoid wamekuja. Ukiacha bila kitu, Thargoid wamekuja, ni sawa na nzige na mbwa na simba, majina ya wanyama yanayosimama hivyohivyo umoja na wingi. Zote zinakubalika. Mimi binafsi naiacha bila kitu kwa sababu ndivyo nyinyi wenyewe mnavyoongea mkiwa mmevaa hedifoni na mnakimbia, nimewasikia kupitia ukutani, hakuna aliyewahi kupiga kelele "Wathargoid!" saa nane za usiku.

Ujumbe wenu basi ungesomeka hivi: "Mwaka 2017 Thargoid walirudi Kilimia, 2022 wakaja na Titan nane, na Desemba 2024 wakaivamia Sol kwa Titan iliyobaki, Cocijo, tukailipua." Wa Maskati akiguna kwenye "wakaja", mwambieni hilo nimelichagua makusudi kwa ajili yake.