Mwalimu mpya wa sayansi, anza na uzi na jiwe

Umepangiwa sekondari ya kata, umeripoti kwa mkuu wa shule, umepewa vipindi vyako na funguo za maabara. Huenda ukakuta jengo zuri tu. Mwaka 2014 na 2015 wananchi walichangishwa nchi nzima kujenga maabara tatu kila sekondari ya kata: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wazazi wa hao utakaowafundisha walitoa hela, wengine walisomba mawe na mchanga. Ndani sasa kuna meza, sinki lisilo na maji, na kabati la chupa ambazo lebo zimefutika. Hizo chupa zisizo na lebo usiziguse, wala usikubali mtu akuambie "hii nadhani ni chumvi tu". Waone mkuu wa idara na mkuu wa shule zitolewe kwa utaratibu.

Ukingoja fungu la vifaa, muhula utaisha. Anza na uzi, jiwe na simu yako yenye saa ya kupima sekunde.

Nazungumzia pendulamu, yaani jiwe linalopembea kwenye uzi, kwa sababu sijaona somo jingine la bei hiyo linalofundisha mengi kiasi hicho. Kabla hawajafunga jiwe lolote, waulize: jiwe zito na jiwe jepesi, lipi litapembea haraka? Wanyooshe mikono, uandike ubaoni idadi ya kila upande, halafu unyamaze. Wengi watasema zito. Wakishaweka msimamo mbele ya wenzao watataka kujua nani amepatia, na hapo hata yule wa dawati la nyuma anasogea. Wakipima watakuta uzito haubadilishi kitu. Urefu wa uzi ndio unaobadilisha: uzi wa sentimita 25 unakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 1, wa sentimita 100 kwa takriban sekunde 2. Waache wenyewe wagundue kwamba urefu umeongezeka mara nne na muda mara mbili tu. Usiwape kanuni kabla. Ukiiandika ubaoni kwanza, watapika majibu ili yafanane nayo, na watoto wetu ni mafundi wa hilo.

Sasa yale ambayo chuoni hayasemwi sana. Urefu unapimwa hadi katikati ya jiwe, si hadi fundo. Mpembeo uwe mdogo. Mwanafunzi atataka kulirusha jiwe kama kombeo. Na kosa linalojirudia kila darasa: anaachia jiwe huku anasema "moja". Anatakiwa aseme "sifuri". Mipembeo 20 ya uzi wa mita moja (kwenda na kurudi ni mpembeo mmoja) huchukua sekunde 40 hivi. Kundi likikuletea 38, hao wamehesabu 19 wakadhani ni 20. Wakitumia hesabu hiyo kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia (g), utawatokea karibu 10.9 badala ya 9.8, na watalaumu uzi. Usiwaambie kosa liko wapi. Waambie warudie mbele ya kundi jingine, mmoja ahesabu kwa sauti. Litaonekana.

Wakati wanabishana, waache wabishane kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, najua, na ripoti wataandika kwa Kiingereza. Lakini mtoto anayetafuta maneno hawezi wakati huohuo kutafuta sababu. Dakika kumi za mwisho ndizo za kugeuza lugha, na wewe uwepo kuwasaidia sentensi.

Kwenye kemia nenda sokoni. Choya iliyokaushwa, ikichemshwa, inatoa maji mekundu: tia ndimu yakolee wekundu, tia magadi yageuke kijani. Ayodini ya duka la dawa ukiizimua inatosha kupima wanga kwenye ugali, muhogo, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva. Tone moja liangukie karatasi ya daftari; karatasi nyingi zitageuka bluu nyeusi, rangi ileile ya wanga, na hapo swali linakuja lenyewe. Maji ya betri ni asidi kali: yazimue wewe, si wao, na unamimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Spiriti ya kutoa rangi ya jani ichemke ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, moto ukiwa umeshazimwa. Na kemikali yoyote isikae kwenye chupa ya soda, hata kwa usiku mmoja.

Kila zoezi lifanye mwenyewe jana yake, kwa vifaa vilevile. Hili sina la kuongeza.

Darasa la watu 70 ligawe makundi ya watano, uone mkono wa nani uko wapi. Usipoangalia, mvulana mmoja atashika kila kitu, wawili watamtazama, na msichana mwenye mwandiko mzuri atafanywa karani tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Siku ya mtihani wa vitendo kila mmoja atashika vifaa peke yake. Badilisha kazi kila kipindi, kwa orodha iliyobandikwa ukutani, si kwa kuombana.

Mafundi wa mtaani ni walimu wenzako. Fundi baiskeli akigeuza baiskeli miguu juu, wanafunzi wahesabu meno ya mbele na ya nyuma, wakisie tairi litazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali, kisha wapime. Nenda kwanza peke yako, mwombe, mkubaliane saa ambayo hana wateja. Usimpelekee watoto thelathini ghafla akiwa na kazi ya mtu.

Mwisho ni shamba la shule. Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, jembe limekuwa sehemu ya shule zetu, na kwa bahati mbaya shule nyingi zimeligeuza kuwa adhabu. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza 2024 unaweza kuishia hapohapo tusipoangalia. Omba kipande kidogo kiwe cha darasa lako. Wapande mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja moja, wapige hesabu ekari moja ingebeba mimea mingapi (ni kama 18,000). Sehemu moja ipate samadi, nyingine isipate, urefu wa mimea uandikwe kila wiki kwenye daftari moja linalokaa ofisini, na siku ya kuvuna mavuno ya kila sehemu yapimwe peke yake kwenye mizani. Waliochelewa namba asubuhi wasipelekwe kulima kipande hicho. Watafutiwe kazi nyingine, kufagia kupo.